Filamu mlizotazama karibuni: je, mlisikia waigizaji wanasema nini?

#1 Mtoto_wa_Chumbageni

Salaam, wakuu.

Mwezi huu nimetazama filamu tatu nyumbani, na katika zote tatu rimoti haikuondoka mkononi mwangu. Watu wakizungumza napandisha sauti hadi 40. Muziki ukiingia au kitu kikilipuka naishusha hadi 12 kabla mtoto hajaamka na jirani hajagonga ukuta.

Ya kwanza ni Oppenheimer ya mwaka 2023, ambayo nilichelewa kuitazama kwa kuziogopa saa zake tatu. Ni kazi kubwa, ila wanasayansi wanaingia na kutoka kwa kasi kiasi kwamba nilimaliza nusu ya kwanza bila kujua nani ni nani. Ya pili ni Sinners ya 2025, ya mapacha wawili, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanaorudi kwao Mississippi mwaka 1932 kufungua ukumbi wa muziki. Hii nimeipenda kuliko zote, hasa pale gitaa linapowakusanya wahenga na vizazi vijavyo katika chumba kimoja, ingawa maneno yao mengi yalinipita. Ya tatu ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi tuliyoisoma kidato cha tano na cha sita. Picha zake ungeweza kuzitundika ukutani moja moja, lakini mwendo wake ni wa taratibu kuliko kitabu.

Dai langu ni hili: waigizaji wa siku hizi hawatamki, wanamung'unya. Filamu za zamani nilizotazama kwa baba yangu, kwenye kanda iliyochakaa na runinga ya chogo, nilisikia kila neno. Je, ni mimi peke yangu? Na ninyi mmetazama nini karibuni, na mlisikia nini?

#2 Fundi_Runinga

Waigizaji hawana kosa, mkuu. Wewe mwenyewe umeandika jibu bila kujijua: runinga ya chogo. Ile ilikuwa na tumbo kubwa, na spika zake zilikaa mbele zikimtazama mtazamaji. Runinga bapa ya leo ni nyembamba kama sinia, kwa hiyo spika zake ni ndogo na zimefichwa chini au nyuma, zikielekea sakafuni au ukutani. Unachokisikia wewe ni sauti iliyokwisha kugonga ukuta ndipo ikakurudia. Nunua saundbaa, ile spika ndefu ya kuweka chini ya runinga, hata ya bei ndogo, kisha urudi hapa kuwaomba radhi waigizaji.

#3 Mwalimu_Ilala

Kwa heshima yote, Fundi, maelezo yako yanaishia sebuleni. Mimi Oppenheimer niliitazama ukumbini Dar es Salaam ilipotoka, kwa tiketi niliyolipia, spika zikiwa zimenizunguka kama wageni wa harusi, na bado kuna sehemu nilitoka kapa. Huyu mwongozaji, Christopher Nolan, ndivyo alivyo. Watu walimlalamikia kwa Interstellar ya 2014 na wakamlalamikia zaidi kwa Tenet ya 2020. Ameeleza mwenyewe hadharani kwamba hapendi waigizaji warudi studio kurekodi maneno upya. Anataka sauti iliyonaswa siku ile ile ya kupiga picha, hata kama kamera za IMAX zinanguruma karibu na mdomo wa mwigizaji. Kwa hiyo hili ni kusudi, wala si ajali. Na wenzake wakamtunuku Oscar ya sauti kwa filamu hiyo hiyo, ndipo ujue dunia imepinda.

#4 Mzee_wa_Rili

Sahihisho kwa Mwalimu hapo juu: Oppenheimer ilipata tuzo saba Machi 2024, ikiwemo ya filamu bora na ya mwigizaji bora kwa Cillian Murphy, lakini ya sauti haimo. Tuzo ya sauti ilichukuliwa na The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, filamu ya Uingereza inayozungumza Kijerumani, ambayo pia ilipata tuzo ya filamu bora ya kimataifa.

Na kwa kuwa mwenye uzi ameuliza tumetazama nini, mimi nimetazama hiyo, mara mbili. Inahusu nyumba ya mkuu wa kambi ya Auschwitz: bustani, maua, watoto wanaogelea, mke anajaribu koti la manyoya. Kambi yenyewe iko ng'ambo ya ukuta na karibu filamu nzima hatuingizwi ndani. Tunaisikia tu: milio ya risasi ya mbali, makelele, mngurumo usiokoma. Mazungumzo ya wenye nyumba ni ya kawaida mno, ya mboga na uhamisho wa kikazi, na baada ya nusu saa unagundua kwamba sikio lako limeacha kuwasikiliza wao na linasikiliza ukuta. Sijawahi kuona filamu iliyonitendea hivyo. Kwa hiyo, Mtoto wa Chumbageni, huenda swali lako lina kasoro kidogo, kwa maana si kila filamu inakutaka usikie maneno.

#5 Kibanda_Umiza

Hiyo ya ukuta nami niliijaribu. Inaanza na giza tupu na muziki wa kuomboleza, dakika zinapita, hakuna picha. Nikazima runinga, nikachomoa waya, nikaupangusa, nikauchomeka tena. Giza. Nikampigia fundi. Fundi akaja, akakaa, tukalitazama giza pamoja, mara ndege wakaanza kulia na watu wakatokea kando ya mto. Fundi alidai nauli yake na nikampa.

#6 Fundi_Runinga

Fundi huyo hakuwa mimi, wana-uzi.

#7 Kinasa_Sauti

Nimefanya kazi ya kunasa sauti kwenye filamu na tamthilia za hapa nyumbani kwa miaka tisa, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo.

Kila mmoja hapa ameshika sehemu ya tembo. Zamani kamera ilikuwa moja. Mshika bumu, yaani ile maiki ya kwenye mti mrefu, alijua picha itakatwa wapi, akaishusha maiki hadi juu kidogo ya kichwa cha mwigizaji. Leo tunapiga kwa kamera mbili au tatu kwa mpigo ili kuokoa muda: moja inachukua chumba chote, nyingine inachukua uso. Kwa kuwa ile ya kwanza inaona hadi dari, bumu lazima lipande juu mbali, na hapo sauti inakuwa ya kisimani. Kinachobaki ni maiki ndogo za kubandika kifuani. Hizo nazo zina maradhi yake: mwigizaji akivaa khanga mpya ambayo haijafuliwa, yenye wanga wake wa dukani, kila akipumua unasikia kama mtu anakunja gazeti. Buibui jipya nalo hivyo hivyo. Nimewahi kuwasihi wenye mavazi wazifue khanga mara tatu kabla ya siku ya kazi, nikaonekana msumbufu.

Halafu kuna mtaa. Ukipata ukimya wa dakika nne mfululizo Dar es Salaam, mshukuru Mungu. Bodaboda, jogoo asiye na saa, mashine ya kusaga, mwadhini, mtoto wa jirani anayejifunza kupiga mbinja. Mwongozaji anatazama saa, jua linazama, anasema picha imetoka vizuri na sauti tutaitengeneza baadaye. Baadaye ikifika, fedha zimekwisha.

Lakini sababu ninayoiona kubwa kuliko zote haitajwi. Mwongozaji na mchanganya sauti wameyasikia maneno hayo mara mia mbili na mswada wameuandika au kuusoma wenyewe. Wao hata mwigizaji akinong'ona ndani ya gunia watamsikia, kwa sababu wanajua anasema nini. Mimi hupenda kumwita mlinzi wa getini, mtu ambaye hajui lolote kuhusu hadithi, nikamchezea tukio moja na kumwuliza: amesema nini huyu? Mlinzi mmoja aliwahi kutuokoa na aibu kubwa.

#8 Bi_Vuga

Shukrani, Kinasa Sauti, nimejifunza.

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Vuta N'Kuvute niliisikia neno kwa neno, na runinga yangu ni hiyo hiyo bapa aliyoisema Fundi. Kwa nini? Kwa sababu wanasema lugha yangu, kwa lafudhi ya mji wangu. Mwajuma anapofungua mdomo sihitaji saundbaa. Mwenye uzi amesema mwendo ni wa taratibu. Mimi naona huo ndio mwendo wa Unguja ya miaka ya 1950, watu wanavizia, wanaogopa kachero, hawana haja ya kupayuka. Yasmin anazungumza kidogo na macho yake yanamaliza sentensi. Ukilalamika kwamba kitabu kina zaidi, nakubali. Kitabu kina njia za panda nyingi ambazo filamu isingeweza kuzipita zote, na filamu imeamua kumfuata Yasmin na Denge.

Kwa hiyo maelezo yangu ni mepesi: hatusikii kwa sababu si lugha yetu. Tunajidanganya kwamba Kiingereza tunakijua, kumbe tunakijua cha darasani na cha taarifa ya habari. Kile cha watu wa Mississippi wa 1932 hata Mwingereza anahangaika nacho. Tusisahau kwamba hii ya kwetu ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar.

#9 Mzee_wa_Rili

Bi Vuga, shikamoo, na uniwie radhi: ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001. Vuta N'Kuvute ilifuata zaidi ya miaka ishirini baadaye. Ilichotangulia nacho ni kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Huko hakuna filamu ya Tanzania iliyokuwa imetangulia katika tamasha hilo.

#10 Bi_Vuga

Marahaba. Naona uzi huu umeajiri afisa masahihisho.

#11 Mwalimu_Ilala

Hoja ya lugha ningeikubali, Bi Vuga, kama wazee wetu wasingekuwapo. Mama yangu aliitazama Mother India ya 1957 mara zisizohesabika katika kumbi za Dar es Salaam. Kihindi hakijui. Hakukuwa na mtu wa kumfasiria. Hadi leo ukimwuliza atakusimulia tukio kwa tukio, ataimba nyimbo zake kwa matamshi yake mwenyewe, na akifika pale mama anapomlenga mwanawe bunduki atanyamaza. Yeye hakusikia neno hata moja na hakulalamika. Sisi tunasikia nusu na tunalalamika. Kwa hiyo tatizo si lugha tu. Filamu zile zilikuwa zinasema kwa uso, kwa wimbo, kwa mkono uliowekwa kifuani, na maneno yalikuwa kiungo cha ziada. Hizi za leo hadithi yote imewekwa ndani ya sentensi moja inayosemwa na mtu aliyegeuka dirishani.

#12 Kibanda_Umiza

Mwalimu, mama yako hakuwa na mfasiri, lakini sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulikuwa naye. Tulilipia kiingilio, tukabanwa watu thelathini kwenye mabenchi ndani ya chumba cha watu kumi, joto linakata pumzi, na sauti iliyotutosheleza ni ya Lufufu. Hakuna aliyemsikia mwigizaji. Lufufu ndiye aliyetuambia huyu ni nani, anamdai nani, na kwa nini leo lazima mtu afe. Alipoona tukio linapoa alitia chumvi yake, akamfananisha adui na mjumbe wa nyumba kumi. Tulitoka tumeelewa kuliko aliyeandika filamu.

Tena tulikuwa na kanuni iliyotusaidia: steringi hafi. Ukijua steringi hafi, hata usiposikia maneno unajua unakwenda wapi. Waongozaji wa leo wameivunja kanuni hiyo, ndiyo maana mnatega masikio kwa wasiwasi.

#13 Msomaji_wa_Malindi

Huku kwetu Kenya tulikuwa naye DJ Afro, na nakiri kwamba filamu za mapigano za Kichina bila yeye kwangu ni chai bila sukari. Hata hivyo, ndugu yangu wa kibandani, tuwe wakweli: ile haikuwa filamu uliyoitazama. Ilikuwa filamu ya Lufufu iliyopigiwa picha na watu wengine. Nimewahi kuirudia moja ya zile za utotoni, safari hii kwa maandishi ya chini ya skrini, na nikagundua kwamba yule niliyemjua miaka yote kuwa shemeji mtu ni baba mzazi. Hadithi nzima ilibadilika mikononi mwangu.

#14 Kibanda_Umiza

Na ipi ilikuwa tamu zaidi? Jibu bila kuzunguka.

#15 Msomaji_wa_Malindi

Ya shemeji.

#16 Mwana_wa_Bukavu

Jambo kwenu nyote. Kwetu huku filamu nyingi za Marekani zinatufikia zikiwa zimetiwa sauti za Kifaransa, na sijawahi kuwa na shida mnayoisema. Sauti zile zimerekodiwa katika chumba kilichofungwa, mtu amesimama mbele ya maiki, hakuna upepo, hakuna kamera inayonguruma, hakuna nguo inayokunjika. Kila neno linatoka limepangusika. Lakini kuna hasara. Mwaka jana nilitazama filamu ya mwigizaji mmoja ninayempenda, kwa mara ya kwanza kwa sauti yake halisi, nikakuta ana sauti nyembamba na ya wasiwasi, wakati Mfaransa aliyemwazima koo alikuwa na sauti ya ngoma. Miaka kumi na mitano nilikuwa nampenda Mfaransa nisiyemjua jina.

Kwa hiyo mimi nasimama na Kinasa Sauti: ni suala la mahali sauti iliponaswa. Kinywa cha mwigizaji hakijabadilika.

#17 Bi_Vuga

Umenikumbusha tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili ambazo dada zangu hawazikosi. Kila neno linasikika, tena wakiwa jikoni na karai la mafuta linachemka. Na kabla ya Waturuki walikuja Wachina: mnamkumbuka Mao Doudou na mama wakwe zake kwenye TBC? Nyumba nzima ilinyamaza. Hata rais wa China alipokuja Dar es Salaam mwaka 2012 aliitaja hotubani.

#18 Mzee_wa_Rili

Tamthilia ilionyeshwa kuanzia 2011. Hotuba ya Xi Jinping ilikuwa Machi 2013. Naondoka taratibu kabla sijatupiwa kiatu.

#19 Muuguzi_wa_Kliniki

Habari zenu. Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyegusa masikio. Mtu anapoongezeka umri, sauti zinazotangulia kumtoroka ni zile nyembamba za juu. Katika maneno, sauti hizo ndizo za s, f, t, k na sh. Irabu, ambazo ni nzito zaidi, hubaki. Kwa hiyo mtu wa namna hii atakuambia: nasikia watu wanaongea, ila sielewi wanachosema. Hayo ndiyo maneno ya mwenye uzi karibu neno kwa neno. Anayefanya kazi kwenye kelele, au aliyezoea vipokea sauti vya masikioni kwa sauti ya juu, anaweza kufika huko mapema.

Nakwenda mbele kidogo, na hapa naomba nichukuliwe kama mtazamaji tu: naona Kiswahili kina bahati, kwa sababu silabi zetu huishia kwa irabu. Kiingereza hurundika konsonanti mwishoni mwa neno, pale pale ambapo mwigizaji anashusha pumzi. Huenda ndiyo maana Bi Vuga aliisikia Vuta N'Kuvute bila taabu.

#20 Mwalimu_Ilala

Na "mtu" je? Na "mbwa"? Na "nchi"? Hizo m na n za mwanzo zinaishia kwa irabu gani?

#21 Muuguzi_wa_Kliniki

Nimesema huishia, mwalimu, sikusema huanzia. Neno zima linaishia kwa irabu. Ila nakubali kwamba m ya "mtu" ni silabi inayojitegemea na imenivurugia hoja.

#22 Mtoto_wa_Chumbageni

Nawashukuru wote. Muuguzi, nina umri wa miaka 41 na kazi yangu ni ya ofisini, tafadhali usinizeeshe mbele za watu. Isitoshe, mwanangu wa kidato cha pili, mwenye masikio ya popo, naye alikuwa ananiuliza "amesemaje?" kila dakika tano.

#23 Mswahili_Muscat

Salaam kutoka Oman. Huku kumbi zinaonyesha filamu za Kiingereza zikiwa na maandishi ya Kiarabu chini, na mimi nimezoea kusoma hata pale ninaposikia. Sinners niliitazama hivyo na sikupoteza hata neno moja. Lakini mke wangu alinishtua tukiwa njiani kurudi. Aliniuliza kama niliona jinsi mmoja wa mapacha alivyokuwa akimtazama mwenzake mlangoni. Sikuona. Macho yangu yalikuwa chini yanasoma. Nilimjua kila aliyezungumza na sikumtazama usoni hata mmoja. Tangu siku hiyo najiuliza ni kipi afadhali kukosa.

#24 Mwalimu_Ilala

Umesema vizuri, ndugu. Niongeze kwamba muziki wa Sinners ni wa Ludwig Göransson, aliyetunga pia ule wa Oppenheimer na wa Tenet. Filamu tatu zinazotajwa katika malalamiko ya watu, mtunzi mmoja. Sisemi zaidi.

#25 Kinasa_Sauti

Hapana, Mwalimu, hapo umemwonea mtu wa watu. Mtunzi anatunga na kukabidhi. Anayeamua muziki ufunike maneno au uyapishe ni mwongozaji na mchanganya sauti. Katika Sinners muziki ndio hadithi yenyewe, ukiupunguza unaua filamu. Katika Oppenheimer, pale Lewis Strauss, hasimu wa Oppenheimer, anapohojiwa na kamati ya Seneti, mazungumzo yanasikika vizuri kabisa. Kama mtunzi angekuwa ndiye mwenye kosa, kosa lingekuwa kila mahali.

#26 Fundi_Runinga

Nina swali moja kwa mwenye uzi, na ajibu kwa moyo mweupe: hizo filamu ulizipata wapi?

Nauliza kwa sababu nina wateja kumi wenye ugonjwa huu huu. Filamu ya ukumbini hugawiwa sauti katika njia sita: mbele kushoto, mbele kulia, mbele katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ile ya mdundo mzito. Mazungumzo karibu yote hukaa kwenye njia ya katikati. Sasa wale vijana wanaokujazia muvi kwenye flashi hukupa faili lenye njia zote sita, nawe unalichomeka kwenye runinga yenye spika mbili. Kama kifaa chako hakijui kuzichanganya njia hizo vizuri, kinakuletea kushoto na kulia kwa nguvu zote, na ya katikati inabaki hafifu au inapotea. Matokeo yake: milipuko ipo, muziki upo, watu wanaongea kama wako chumba cha pili.

#27 Mtoto_wa_Chumbageni

Ni flashi. Mbili za Kimarekani zote ni flashi. Vuta N'Kuvute niliitazama kwa njia halali na naomba hilo liandikwe.

#28 Kibanda_Umiza

Mshtakiwa amekiri. Uzi mzima, watu wamechambua kamera za IMAX, umri wa masikio na irabu za Kibantu, kumbe ni flashi.

#29 Mwalimu_Ilala

Msiharakishe kufunga kesi. Mimi nililipia tiketi na sikusikia. Bwana wa Muscat alikuwa ukumbini na alihitaji maandishi. Flashi inaeleza nyumba moja ya Chumbageni, haielezi ukumbi wenye watu mia mbili.

#30 Msomaji_wa_Malindi

Ukumbi nao una mambo yake. Mimi nilikwenda kwenye ukumbi mmoja, sitautaja, ambao kiyoyozi chake kilikuwa kinanguruma kuliko filamu, na walipokizima baada ya kuombwa tukasikia filamu ya kivita ya chumba cha jirani. Nilimweleza msimamizi, akaniambia wateja wengine wanapenda sauti iwe hivyo.

#31 Bi_Vuga

Mimi nasema bado: nendeni Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, mkakae kwenye ngazi za mawe, upepo wa bahari unavuma, watoto wanakimbizana nyuma, popo wanapita mbele ya skrini. Kwa hesabu za Fundi na za Kinasa Sauti, mahali pale isingesikika filamu hata moja. Na watu wanasikia. Wasiposikia wanaulizana, aliyesikia anamwambia wa pembeni, na wa pembeni anamwambia bibi yake. Labda tatizo letu la sebuleni ni kwamba tunatazama peke yetu na hatuna wa kumuuliza.

#32 Kinasa_Sauti

Bi Vuga, hao wanaoulizana ndio wanaofanya mimi nisisikie.

#33 Mtoto_wa_Chumbageni

Nimerudi na ripoti. Jana usiku nilifuata maelekezo ya Fundi: nikaingia kwenye mipangilio ya runinga, nikabadilisha sauti kuwa ya njia mbili, nikairudia Oppenheimer tangu mwanzo. Kweli kuna nafuu kubwa. Tukio la mahojiano nililikosa lote mara ya kwanza. Sasa nimelisikia, na nimeelewa kwamba yule mzee alikuwa na kinyongo cha miaka. Rimoti ilikaa mezani kwa karibu saa nzima.

Lakini pale ukumbini, baada ya Hiroshima kupigwa bomu, Oppenheimer anapowahutubia watu wanaopiga miguu chini, nilipoteza tena maneno. Nikarudisha nyuma, nikapoteza tena. Mwanangu akasema, "Baba, hata yeye mwenyewe hasikii hapo." Sijui kama ni flashi, ni mwongozaji, au ni mtoto amenizidi.

#34 Mwalimu_Ilala

Huyo mtoto mlete hapa ajiunge.

#35 Mzee_wa_Rili

Pale sauti ya umati inakatwa kwa makusudi na kubaki ukimya na mayowe ya mtu mmoja. Safari hii sina cha kusahihisha.

#36 Kibanda_Umiza

Wakati mnaendelea, mwenye Mother India iliyo safi anijulishe. Mama mkwe amekuja kutoka Moshi, atakaa wiki mbili, na amekwisha niambia kwamba hataki filamu ya watu wanaonong'ona.